Ugwe wa Upinde Wako, Kaka Gisiri

Soko la Isebania,
Kaunti ya Migori.
Alhamisi, 14 Agosti 2025.

Mpendwa kaka yangu Gisiri,

Nakusalimu kwa jina la Mungu, ambaye peke yake ndiye anayejua uko wapi. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Ulipoondoka ulikuwa ukikohoa kila asubuhi, na nimesikia vumbi la machimbo ya dhahabu halimhurumii mtu. Naomba uwe unakula vizuri, uwe na mahali pakavu pa kulala, na uwe na jirani hata mmoja wa kukuuliza umeamkaje.

Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Mama yupo. Macho yamefifia, anatujua kwa hatua zetu, lakini ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Juzi alimfukuza mhubiri, akamwambia anaomba kwa sauti ya mtu anayenadi kuku. Mkeo Robi hajambo. Mlango wa nyumba yako bado unafungukia nje, na bado unanigonga paji la uso kila nikienda kubisha.

Wesley naye yuko kidato cha tatu. Ulimwacha akiwa darasa la tatu, hajui hata kufunga kamba za viatu. Sasa ananipita kwa kichwa kizima, na viatu vyake ukiviona mlangoni utadhani kuna askari ndani. Anatembea kama wewe, bega la kushoto mbele. Hakuna aliyemfundisha.

Barua hii nampa Monari, dereva Mkisii anayepeleka lori la mizigo mpaka Mbeya. Alikuja kwenye kibanda changu cha mitumba kutafuta koti, tukaanza kuongea, akaniambia kwamba kule machimbo ya Chunya amewahi kula mahali pamoja na mwanamume mrefu wanayemwita Mkenya, mwenye kovu juu ya jicho, ambaye akicheka hufunika mdomo. Nilikaa chini juu ya marobota yangu. Wewe umefunika mdomo tangu fahali alipokung'oa jino la mbele.

Lakini Monari hakuuliza jina. Wenye makovu ni wengi, na wasio na meno ni wengi zaidi. Simu yako ilizimika mwaka ule wa barakoa na haijawaka tena. Kwa hiyo naandika nikiogopa kwamba huenda namwandikia mgeni. Wewe unayesoma, kama si Gisiri, nivumilie tu mpaka mwisho.

Sasa nikueleze linaloninyima usingizi. Linaanza na mambo ya watoto, lakini usicheke.

Katika shule ya Wesley kule Oyugis kuna mwalimu anayeitwa Obare, ambaye huwafundisha maigizo. Muhula uliopita aliwasimulia hadithi ndefu ya kale ya Wayunani, ya mfalme aliyekwenda vitani ng'ambo ya bahari. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye akapotea njiani miaka na miaka. Nyumbani mkewe anangoja. Wanaume wa kila namna wamejazana uani, wanakula mifugo ya mwenyewe na kumshurutisha mke achague mmoja wao, kwa kuwa mume ameshakufa. Mwalimu akawaambia waigeuze iwe filamu ya vijana wa leo, waipige kwa simu, waipeleke kwenye mashindano ya shule.

Mwelekezi wao ni msichana wa Homa Bay anayeitwa Risper, mdogo wa mwili, lakini akipaza sauti hata mbuzi husimama. Yule mfalme akamfanya kapteni wa timu ya mpira aliyeachwa na basi la shule, yeye na wenzake wachache, baada ya mashindano, akazunguka ziwa akitafuta njia ya kurudi. Jitu la jicho moja likawa lori lenye taa moja linalowafukuza barabarani. Wale wanawake wanaoimba mpaka mabaharia wanapotea wakawa wasichana wanaocheza muziki ufuoni. Wenzake kapteni wakaziba masikio kwa nyaya zao za kusikilizia nyimbo, naye akafungwa kwenye mlingoti wa goli asije akawakimbilia. Wesley alinionyesha kwenye simu, nikacheka mpaka nikamwaga chai. Mpaka hapo, kaka, nilikuwa shabiki.

Mwisho wa filamu, kapteni alikuwa arudi amkute mpenzi wake amezungukwa na wavulana wa shule nyingine, basi. Mapenzi ya watoto. Wesley ndiye aliyeukataa mwisho huo.

"Anti, watu wote wanaangalia huyo mfalme tu," aliniambia. "Hakuna mtu anauliza kijana wake alikuwa anafeel aje hiyo miaka yote. Huyo kijana ni mimi."

Nilimwongezea chai.

Akawashawishi wenzake. Sehemu ya mwisho itapigwa nyumbani kwetu Kegonga, Jumapili hii, maana Jumamosi Risper yuko kanisani. Kapteni atakuwa mtu mzima sasa, amerudi na matambara kama ombaomba, na hakuna anayemtambua. Kisha, kama katika ile hadithi ya kale, atajulikana kwa upinde wake. Wote waliovamia nyumba yake watajaribu kuufunga ugwe washindwe, naye ataufunga bila kutoa jasho. Huyo ombaomba ni Wesley. Na upinde aliouchagua ni wako.

Unaijua desturi ya boma letu, ambayo hata jirani zetu hawana habari nayo. Mwanamume akisafiri mbali, ugwe wa upinde wake hulegezwa, na ni yeye mwenyewe anayeufunga akirudi. Mkono mwingine ukiufunga mbele ya wazee, nyumba imekiri kwamba mwenyewe harudi, na mambo yake hugawanywa. Baba, Mungu amrehemu, aliulegeza wako asubuhi uliyoondoka, akautundika juu ya mlango wako. Mama huugusa kila akipita. Hakuna aliyemwambia Wesley kwa nini, kwa sababu kwetu jambo kama hilo kulitaja ni kuliita. Tulidhani tunamkinga mtoto. Ndiyo maana, katika vitu vyote vilivyomo bomani, akachagua hicho hicho.

Hata hivyo ningesema ni mchezo tu, nikalala. Tatizo ni Tony.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tony, mwana wa baba mdogo, uliyemfundisha kukamua ng'ombe, amepanda tumbaku kwenye shamba lako la mtoni. Anasema anakusaidia lisigeuke pori. Fahali wake amefungwa kwenye zizi lako. Hupita kwa Robi na kipakiti cha sukari, akakaa mpaka sukari yenyewe inywewe. Ni yule yule aliyekuwa akisema maigizo ni elimu ya wavivu. Aliposikia habari za filamu na upinde, akafungua mkono kama bwana harusi. Ametoa mbuzi. Ametafuta viti. Na amewaalika wazee wa ukoo, Mzee Nyamohanga akiwa wa kwanza, waje watazame sinema ya watoto. Tangu lini Mzee Nyamohanga akatazama sinema?

Jumanne nilimwona hapa hapa Isebania kwa muuza ngozi. Alikuwa ameshika ugwe mpya wa mishipa ya ng'ombe, anaunyoosha, anaupima kifuani.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya sinema ya Wesley, dada. Ile ya zamani ilikuliwa na panya." Akatabasamu. "Kitu ya babake lazima ikae kweli kweli."

Nilirudi kibandani nikawa nakunja blauzi ile ile moja, nakunja na kukunjua, mpaka mteja akaenda zake. Unaelewa, kaka? Mtoto atafanya kwa kuigiza, na wazee watapokea kama neno la nyumba. Mwanao mwenyewe, kwa mikono yake, mbele yao, huku simu ikirekodi. Nani atabisha baada ya hapo? Shamba la mtoni litapata mwenyewe. Robi atapewa wa kumtunza, na unamjua ni nani.

Nilimpigia Robi simu nikamwambia niliyoyaona.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nikimkataza Wesley lazima nimwambie kwa nini. Nimwambie nini, Bhoke? Ati hiyo kamba ndiyo babake?"

Kaka, nikuambie hofu yangu nyingine, na usiniwekee kinyongo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Huko soko la Kegonga wanasema ulifukiwa na shimo. Lisemwalo lipo, wanasema. Mimi huwajibu kwamba wasemaji ndio wapo. Lakini Robi huyasikia hayo kila akienda kununua chumvi. Nilitaka kumuuliza kama moyoni anataka ugwe ufungwe, yaishe. Sikuthubutu. Naogopa jibu.

Monari alikuwa aondoke kesho, lakini karatasi za mzigo wake zimekwama forodhani. Basi naiacha barua wazi mpaka nirudi kutoka Kegonga. Nitakwenda mapema niufiche huo upinde, hata kama ni kuulalia. Niombee, popote ulipo.

Jumatatu, 18 Agosti.

Kaka, nimerudi. Mwandiko umeharibika kwa haraka, usome polepole.

Nilifika asubuhi nikakuta juu ya mlango wako hakuna kitu. Tony alikuwa ameshautungua upinde, ameupangusa, ameufunga ugwe mpya ncha ya chini, na kuulaza kwenye meza mbele ya wazee. Ilibaki ncha ya juu tu. Ningeuficha vipi? Nilisalimia wazee, nikaenda kusimama karibu na jiko.

Watoto walikuja kwa gari la mwalimu Obare, wamebeba simu na kijiti chake cha kusimamia. Uani mwako walikaa wavulana wa shule wakiigiza wale wavamizi, wanakula ugali na mbuzi wa Tony. Walikula bila kuigiza hata kidogo. Tony alisimama nyuma ya Mzee Nyamohanga akiwa amevaa koti la Jumapili.

Wakaanza kuujaribu upinde mmoja mmoja. Walitakiwa kushindwa. Lakini yuko kijana wa Homa Bay anayeitwa Cliff, ana mikono kama mipini ya jembe, naye alisahau kwamba anaigiza. Aliukanyaga upinde, akaukunja, kitanzi cha ugwe kikapanda, kikapanda, kikabaki upana wa ukucha kufika ncha ya juu. Nilipiga ukelele. Sikukusudia, ulitoka wenyewe.

"Cut!" Risper akanigeukia. "Mama, tafadhali, unaharibu scene! Na wewe Cliff, nilikuambia ushindwe!"

Wote wakacheka. Mzee Nyamohanga hakucheka. Wala Tony.

Kisha Wesley akaingia. Kaka, sikuwa nimeambiwa kuhusu koti. Alikuwa amevaa lile koti lako la kijivu, lile ulilokataa kulibeba kwa sababu ulisema Tanzania kuna joto. Amejipaka majivu usoni, bega la kushoto mbele, anakuja polepole kutoka langoni. Nilijua ni Wesley. Nilijua kabisa. Lakini mwili wangu haukujua, ulisisimka wote.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake ukutani. Aliinua kichwa, akasikiliza zile hatua.

"Gisiri?" akaita. "Gisiri, ni wewe?"

Wesley alisita, lakini Risper alimpungia mkono aendelee, naye akaendelea. Akauchukua upinde. Akaukanyaga vile Baba alivyokuwa akiukanyaga, sijui alijifunzia wapi, ukamtii kama fimbo mbichi. Mzee Nyamohanga akajiinua kwa bakora yake, na wenzake wakainuka. Tony alikuwa ameshusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

Hapo Robi akatoka jikoni. Hakuwa kwenye filamu. Kazi yake ilikuwa kupika. Alikuwa na unga mpaka viwikoni. Akapita katikati ya wale wavulana na ugali wao, akasimama mbele ya ombaomba.

"Wewe unasema ndiye mwenye nyumba hii?"

Wesley akamtazama Risper, Risper akamtazama mwalimu. Hakuna aliyezima simu.

"Ndiyo," akasema Wesley.

"Basi niambie. Milango yote ya boma hili hufungukia ndani. Mlango wangu peke yake unafungukia nje. Aliyeuweka hivyo alikuwa na sababu, na hakuna aliyeambiwa isipokuwa mimi. Ni kwa nini?"

Nimekuwa shangazi wa mtoto huyu tangu azaliwe, na sijawahi kuona uso ukivuliwa hivyo. Kapteni aliondoka, ombaomba akaondoka, akabaki Wesley tu na majivu yake. Mikono ikalegea. Kitanzi kikateleza kikarudi chini.

"Sijui, mama," akasema.

"Basi upinde si wako. Urudishe mahali pake."

Akalia, kaka. Kijana mkubwa hivyo, mbele ya wenzake wote. Robi akamkumbatia na unga wake, koti lako likawa jeupe mgongoni.

Mzee Nyamohanga alibaki amesimama akiegemea bakora. "Mwenye mume ameuliza, na aliyeshika upinde hana jibu," akasema. "Hapa hakuna jambo limefanyika leo."

"Lakini mzee, hii ni sinema tu!" Tony akaropoka.

"Kama ni sinema tu, mbona uliniita?"

Nilitaka kushangilia, lakini mzee hakuwa amemaliza. Alisema pia kwamba nyumba haiwezi kukaa milele ikingoja mlango useme. Mahindi ya mvua za vuli yakivunwa bila jibu kutoka kwako, wazee watakaa tena, na safari hiyo ugwe utafungwa bila filamu. Tony aliinamisha kichwa kwa adabu. Ile adabu yake ndiyo iliyonitisha kuliko maneno.

Tulipokuwa tukiosha sufuria nilimwona Tony mlangoni kwako peke yake. Anaufungua, anaufunga, anachungulia bawaba, anapima kizingiti kwa kiganja. Leo asubuhi nimesikia amekwenda kwa yule fundi aliyekuchongea mbao. Anatafuta jibu. Akilipata atamtuma mtu yeyote alilete, aseme ametumwa na wewe kwamba unakufa, Robi aolewe. Anaweza, namjua.

Robi amemweleza Wesley kila kitu kuhusu upinde. Ugwe mpya Wesley kauondoa mwenyewe, akaurudisha upinde ukiwa mtupu juu ya mlango. Mwalimu Obare anasema filamu itaishia pale Wesley aliposema hajui. Risper alitaka kupiga mwisho mwingine wa furaha, kisha akautazama ule tena kwenye simu, akakaa chini kwenye nyasi, akaacha. Nami sina tena haja ya kumuuliza Robi kile nilichoogopa kumuuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wewe unayesoma, mlango wa nyumba ya Gisiri kwa nini unafungukia nje? Mimi mwenyewe sijui, Mama hajui. Kama unajua, usimwambie Monari kwa mdomo. Andika, gundisha bahasha, juu uweke jina la Robi na si la mtu mwingine. Kama hujui, basi wewe si kaka yangu. Nisamehe kwa kukusumbua, mrudishie Monari barua hii, na Mungu akurudishe nawe kwa watu wako, kwa maana nina hakika wapo wanaokugusia kitu ukutani kila siku.

Mama anakusalimu. Tangu jana anauliza yule aliyeingia langoni amekwenda wapi, na kila mmoja wetu humpisha mwenzake ajibu. Robi anakusalimu; hakusema zaidi, ila alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi. Monari atakupa shati la mikono mirefu, nimelichagua mimi, litakukinga na vumbi. Mungu akufunike huko chini ya ardhi unakoingia, na akutoe kila unapoingia.

Wako akupendaye na kukuhofia,
dada yako Bhoke.

Wesley amekuja na mimi mpaka Isebania kumpa Monari barua. Ameniomba nimwachie nafasi hii ya chini aandike mwenyewe.

Baba, ni mimi Wesley. Hata kama umesahau jibu, wewe kuja tu.